Chai Niliyoitema Sironga

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka, hata leo nywele zikiwa zimegeuka pamba, natazama chini kama mtu aliyeangusha sindano. Nakumbuka mpaka rangi ya beseni. Lilikuwa beseni la bati, jeupe, lenye maua ya buluu ukingoni, na lilikuwa limewekwa mbele yetu ili wageni tunawe mikono. Mimi sikunawa. Nilitema chai ndani yake, mbele ya wazee kumi na mmoja, katika nyumba ya watu niliokuwa nimekwenda kuwaomba binti yao.

Nitakusimulia. Lakini niache kwanza nikasirike kidogo, maana umri huu umenipa ruhusa hiyo.

Juma lililopita mjukuu wangu Nyaboke, anayesomea mambo ya hoteli Nairobi, alikwenda Masimba kumsalimu shangazi yake mwenye duka pale karibu na steji. Shangazi akafunga duka kwa ajili yake. Akatandika kitambaa, akatoa vikombe vya wageni, akamimina chai. Walikuwepo majirani wawili na mke wa katekista. Nyaboke akanusa, akaonja kwa ncha ya kijiko, akakunja pua. Akasema, "Aunty, hii si chai, haya ni maji ya kuoshea sufuria." Kisha akakipiga kikombe picha akawatumia wenzake wacheke.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba alisema kweli! Binti yangu yule huchemsha majani ya chai kama anayechemsha maharagwe. Huyatia kwenye maziwa baridi, huwasha moto, huenda kuhudumia wateja, hurudi akakuta sufuria imekuwa rangi ya matope, naye huongeza sukari ili kuficha maovu. Nimemwambia miaka thelathini. Lakini nimemwambia jikoni kwake, mlango ukiwa umefungwa. Nyinyi vijana wa leo, jamani, mnachosha. Mmejifunza kuonja kabla ya kujifunza kumeza.

Haya. Sina haki ya kumcheka Nyaboke, kwa kuwa ugonjwa huo aliurithi kwangu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi katika kiwanda kimoja cha chai, si mbali sana na kwetu Ekerenyo. Niliwekwa kwenye chumba cha kuonjea. Kilikuwa chumba chenye meza ndefu na dirisha kubwa, na juu ya meza vikombe vyeupe vimepangwa mstari mmoja kama watoto wa komunyo. Kila asubuhi majani ya jana yalipimwa kwenye mizani ndogo, yakatiwa maji yaliyochemka, yakafunikwa, na mtu akasimama na saa. Kisha mwonjaji alipita na kijiko chake, akavuta chai kwa mlio, fyuuu, kama mtu anayenyonya uboho wa mfupa, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye ndoo ndefu iliyokuwa ikisukumwa nyuma yake. Halafu alisema neno moja. "Imechangamka." Au, "Imelala." Au, "Imeungua." Neno moja tu, na watu wazima wakakimbia kurekebisha mashine.

Mwanangu, nililipenda neno hilo moja kuliko mshahara.

Mwonjaji alikuwa mtu mwema, akaniruhusu nionje mabaki kila alipomaliza. Kwa miezi saba nilionja. Nikajua majani yaliyochumwa yakiwa makubwa mno, nikajua yaliyokaa kwenye gunia yakapata joto, nikajua maji yaliyochemshwa mara mbili. Ulimi wangu ukawa mkali kweli. Na kiburi kikaota pale pale, kama magugu yanavyopenda mbolea ya mahindi.

Nyumbani nikaanza kuvuta chai kwa mlio. Mama yangu, mjane aliyenilea kwa kikapu cha majani mgongoni, aliniwekea kikombe nami nikamwambia, "Imelala." Siku ya pili nikamwambia maji yake yamechoka. Siku ya tatu hakuniwekea. Akaninywesha uji wa wimbi mwezi mzima, wala hakusema kitu, na mimi mjinga nikadhani amekubali kwamba nimeelimika.

Wakati huo nilikuwa nimempenda msichana aitwaye Moraa, mwalimu wa chekechea, wa kwao Sironga. Tulipatana, na siku ikapangwa ya watu wetu kwenda kwao kujitambulisha. Upande wetu aliongoza baba mdogo Ondieki, ndugu wa marehemu baba, mtu wa maneno machache na kofia ya manyoya. Tulipokelewa vizuri. Tulikaribishwa ndani, tukaombewa, tukaulizwa habari za mvua na mifugo. Kila kitu kilikwenda kama maji mteremkoni.

Kisha ikaletwa chai.

Haikuwa chai ya pakiti. Ile ya kiwandani, kama ujuavyo, ni punje ndogo zilizokatwa na mashine. Hii ilikuwa ya majani marefu, yaliyosokotwa kwa mkono kama nyuzi, ikaletwa kwenye birika bila maziwa, nyekundu, inang'aa. Aliyeitengeneza alikuwa nyanya yake Moraa, Nyanya Bosibori, mama mzazi wa mwenye nyumba, baba yake Moraa. Alikuwa amechuma mwenyewe, akasokota mwenyewe, akaiweka kwenye mkebe kwa ajili ya siku hiyo. Tuliambiwa hivyo. Niliambiwa mimi, kwa masikio haya.

Baba mwenye nyumba akasema, "Tumesikia mkwe wetu anafanya kazi ya kuonja chai. Basi na atuambie."

Alikuwa anatania. Mtu yeyote mwenye akili angejua anatania. Wazee walicheka kidogo, wakanigeukia kwa upole. Baba mdogo Ondieki alinigusa goti kwa goti lake, maana yake: sema asante, unywe.

Mimi nikanyanyua kikombe. Nikanusa. Nikavuta, fyuuu, mpaka mbwa nje akabweka. Nikazungusha mdomoni. Nikatafuta ndoo, na kwa kuwa hapakuwa na ndoo, nikainama nikatema kwenye beseni la kunawia. Nikajifuta mdomo, nikasema, "Ina moshi. Na imekaa mno kwenye birika."

Wazee wanasema mdomo huponza kichwa. Siku ile mdomo wangu uliponza kichwa changu, na kofia ya baba mdogo, na jina la ukoo mzima.

Baba yake Moraa hakupaza sauti. Aliweka kikombe chake chini, akasimama, akasema, "Nadhani wageni wetu wana safari ndefu." Tulikuwa hatujala. Jikoni kuku walikuwa wanatokota, harufu yao ilitusindikiza mpaka barabarani.

Tulitembea. Baba mdogo alitangulia, sisi nyuma. Nilimfikia nikaanza kujitetea. Nikasema, "Lakini baba mdogo, kweli ilikuwa na moshi."

Akasimama. Akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyemnunua vibaya. "Nami niliusikia huo moshi," akasema. "Kila mtu aliusikia. Ulidhani ni wewe peke yako mwenye ulimi? Tofauti ni kwamba sisi wengine tuliulizwa na mama zetu kama tumeshiba, tukajibu ndiyo hata tulipokuwa na njaa." Akaendelea kutembea.

Kesho yake nilikwenda kumngojea Moraa nje ya uzio wa shule. Alitoka na chaki vidoleni. Nilitaka kumshika mkono, akaurudisha nyuma.

"Umemtemea nyanya yangu," akasema.

"Sikumtemea yeye, niliitema chai."

"Alikuwa anaamka alfajiri kugeuza majani yale. Mimi ndiye niliyemshikia taa. Usinitafute mpaka yeye mwenyewe aseme unitafute." Akaondoka.

Hapo ndipo, mwanangu, kile kiburi kilipovuja chote kama maji kwenye ungo. Majuto ni mjukuu, lakini wangu alikuja mapema, hata sijaoa. Nilikaa siku tisa. Siku ya kumi nikavaa shati safi nikarudi Sironga peke yangu.

Kwetu Abagusii kuna chinsoni, ile haya na heshima inayomfanya mtu asizoeane na wakwe zake. Nisingeweza kwenda kukaa mbele ya mama yake Moraa nikajieleza. Lakini nyanya ni kitu kingine. Nyanya na wajukuu hutaniana, na aliyekubali kuwa mjukuu, hata mjukuu wa mashaka kama mimi, ana njia ya kupitia kwake. Nilimkuta mlangoni mwa nyumba yake ndogo akichambua chinsaga, zile mboga zetu chungu. Alikuwa mwembamba, jicho moja limeingia ukungu. Nikasimama mbali nikamsalimu.

Akachambua kitita kizima. Kisha akauliza, "Huko kiwandani, kazi yako hasa ni ipi?"

Nikafungua mdomo niseme mwonjaji. Sijui ni nini kilinizuia. Nikasema, "Naosha vikombe, nyanya. Na kuchemsha maji."

Ndiyo, mwanangu. Sikukuambia hilo mapema kwa sababu mpaka leo linanitia aibu. Nilikuwa mwosha vikombe.

Alicheka mpaka chinsaga zikamwagika. "Mwosha vikombe!" akasema. "Na umetutoa jasho hivyo? Sasa sikiliza. Mimi sina hasira. Mwanangu, baba yake Moraa, ndiye mwenye hasira, na hasira yake itatulia nikimwambia itulie. Nenda kwenu. Chuma majani, uyatengeneze kwa mikono yako, tangu mchai hadi kikombe. Asikusaidie mtu. Ukimaliza, uniletee ninywe."

Nikadhani nimeponea chupuchupu. Kumbe! Mkuki kwa nguruwe mtamu, na mimi ndiye nguruwe.

Mara ya kwanza nilichuma majani mawili na chipukizi, kama inavyotakiwa, nikayasokota papo hapo yakiwa mabichi. Yakakatika vipande vipande. Nikayaanika juani. Chai yake ilikuwa na ladha ya nyasi za ng'ombe. Mara ya pili nikakumbuka kwamba kiwandani majani huachwa kwanza yanyauke. Nikayaacha. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, nami nikayasahau, yakaota ukungu mweupe. Mama akapita akatazama, akasema, "Unanimalizia mashamba." Basi. Mara ya tatu yalinyauka vizuri kivulini, nikayasokota juu ya ungo mpaka maji yake yakanipaka viganja rangi ya hudhurungi, nikayafunika kwa kitambaa chenye unyevu mpaka harufu ya majani mabichi ikaisha ikaja harufu ya mapera yaliyoiva. Nilifurahi nikaruka! Kisha nikayakaushia kwenye sufuria juu ya moto, nikapandisha moto kwa haraka, yakaungua. Niliitema chai ile nje ya mlango, nikaketi kwenye kinu, na ukitaka kujua ukweli, nililia. Mtu mzima. Nililia kwa hasira, hasira ya kujua kila kosa kwa jina lake na kutoweza kulizuia hata moja.

Mara ya nne ikatoka chai. Sisemi chai nzuri. Chai.

Nikaipeleka Sironga kwenye kopo tupu la mafuta ya Kasuku lililooshwa mara tano. Nyanya Bosibori alikuwa ameketi nje na shangazi yake Moraa, na kule jikoni nilimwona Moraa mwenyewe akijifanya hanioni. Nyanya akateka maji mapya, akayachemsha mara moja, yalipoanza kutokota tu akayatoa. Akatia majani yangu kwenye birika, akamimina maji, akafunika. Kisha akaanza kuimba polepole wimbo wa kanisani. Beti tatu. Mwisho wa ubeti wa tatu akamimina. Hiyo ndiyo saa yake, akaniambia baadaye. Beti mbili kwa watoto, tatu kwa watu wazima, nne kwa mtu anayetaka kusemwa kwa chai chungu.

Akanywa. Mimi nilikuwa nimekodoa macho kwenye koo lake. Nilijua kilichokuwa ndani ya kikombe kile. Nilikuwa nimekionja nyumbani: kilianza vizuri, kisha kikauma ulimi, kisha kikaacha ukakasi kama ndizi mbichi. Uso wake haukubadilika. Alikinywa chote. Akakigeuza kikombe kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki.

Shangazi akauliza, "Ikoje, mama?"

"Imetoka mikononi mwake," nyanya akajibu. Akanigeukia. "Mbuya mono," akaniambia. Asante sana. Kisha akasimama, "Njoo unikatie jani la mgomba."

Tulizunguka nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, pasipokuwa na mtu. Akaegemea shina moja, akashusha pumzi.

"Chai yako ni mbaya," akasema.

"Najua, nyanya."

"Ulichuma baada ya mvua, majani yakiwa na maji. Ulisokota kwa nguvu mno, umeyaua. Na ulikausha kwa woga, ndani hayajakauka."

"Sasa mbona umeimaliza?"

"Kwa sababu ulikuwa unanitazama," akasema.

Mwanangu, nimesikiliza mahubiri mengi maishani mwangu. Sijasikia neno lililonipiga kama hilo.

Kisha akanieleza ule moshi. Ilinyesha siku nne kabla ya ujio wetu, hapakuwa na jua wala pakavu, naye akakaushia majani juu ya jiko la kuni kwa sababu alitaka wageni wanywe kitu cha mikono yake. "Moshi niliusikia kabla yako," akasema. "Nilisema moyoni, yule kijana anajua chai, labda atanifuata nje anifundishe namna ya kukausha wakati wa masika. Nilikuwa nakungoja unifundishe."

Nikakata jani la mgomba, nikalibeba, nikamfuata.

Basi, baba yake Moraa alitulia alipoambiwa atulie. Tulirudi mwezi uliofuata, safari hii tukala kuku, na beseni lililetwa nami nikanawa mikono kama mtu. Moraa ndiye huyu bibi yenu anayenifokea sasa hivi kwamba naandika badala ya kufunga ng'ombe. Nyanya Bosibori aliishi miaka sita baadaye, na katika miaka hiyo nilimfundisha kukausha majani kwenye karatasi ya bati iliyoinuliwa mbali na moshi, naye akanifundisha mengine yote.

Sasa sikilizeni, na msinifanye nirudie, maana nimechoka kurudia.

Jifunzeni chai. Silaumu ujuzi. Ni aibu sisi tunaolala na kuamka katikati ya michai kunywa uchafu, kana kwamba majani mazuri yaliumbwa kwa ajili ya watu wa mbali tu. Chukua majani mazima, unuse harufu yake yakiwa makavu. Teka maji mapya, yachemshe mara moja. Kijiko kimoja kwa kikombe. Funika, ngoja, usikoroge kama anayesonga ugali. Onja kwanza bila sukari na bila maziwa, ujue ulichonacho, halafu utie unachotaka. Kikombe ni chako. Linganisha majani ya msimu wa mvua na ya kiangazi. Ukiwa peke yako, vuta kwa mlio, tema, andika kwenye daftari, fanya unavyopenda. Jirani yangu Msabato analima chai na hajawahi kuionja hata tone kwa sababu ya imani yake, na hata yeye hunusa majani yake akajua ni lini yamechumwa. Ujuzi ni kitu kizuri.

Lakini ulimi wa kuonjea na ulimi wa kusemea ni nyama ile ile, na hapo ndipo mnapoharibu. Mtu akikuwekea kikombe mbele ya watu, kinywe. Ukijua kosa lake, mngoje mpaka mko wawili, umwambie taratibu, na umwonyeshe namna ya kulirekebisha. Kosa lisilo na dawa baki nalo mwenyewe. Usihukumu kazi ambayo mikono yako haijaijaribu. Na usidhani aliyenyamaza hajui. Pengine amejua kabla yako, naye anangoja kuona wewe ni mtu wa namna gani. Heshima si utumwa, mwanangu. Ni kazi ngumu kuliko kutema.

Mungu akupe mikono yenye subira na masikio yanayopenda kurekebishwa. Akupe watu wa kukwambia ukweli wakikupeleka kando, na watu wa kukaa nawe barazani wakikusifu. Milima yako ipate mvua kwa wakati, nyumba yako isikose wa kubisha hodi, na wanaokula kwako waondoke wakitaka kurudi. Amina.